Profesa wa Mataya

Umma unatangaziwa, kwa heshima zote na kwa huzuni isiyozidi kijiko kimoja cha chai, kwamba Sayansi ya Kutambua Kabila la Mtu kwa Kutazama Taya Lake imefariki dunia. Marehemu alikata roho Jumanne alasiri, siku kumi na moja kabla ya uchaguzi, katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, mbele ya mashahidi elfu nne na mia mbili waliokuwa wakitazama kwenye simu zao. Alikuwa na umri wa miezi mitatu. Ameacha mzazi mmoja, ambaye ndiye pia aliyemuua. Wenye rambirambi wanaombwa wakae nazo makwao.

Mzazi huyo, kabla hajaitwa Profesa, alikuwa fundi wa meno ya bandia. Na kwa kuwa atasemwa vibaya mpaka mwisho, apewe haki yake mapema: alikuwa fundi hodari. Chumba chake kilikuwa nyuma ya chumba cha Daktari, na katikati ya vyumba hivyo palikuwa na ukuta wenye kidirisha cha ukubwa wa trei. Daktari, mwanamama mfupi asiyependa maneno mengi, alimjaza mgonjwa mdomo kwa ute wa rangi ya waridi, akausubiri ugande, akautoa ukiwa na alama ya kila jino na kila pengo, kisha akaupitisha kidirishani pamoja na kikaratasi cha namba. Namba tu. Jina lilibaki upande wa Daktari, ndani ya daftari, ndani ya droo.

Fundi alimimina plasta kwenye ute ule, akapata taya jeupe, akachonga namba chini yake kwa ncha ya kisu. Kisha alipanga meno kwenye nta, moja baada ya jingine, akalifunga taya kwenye bawaba ya chuma inayofunguka na kufumba kama mdomo wa mtu, akachemsha, akapiga msasa, akasugua. Kikongwe aliyeingia kliniki akimung'unya mkate uliolowekwa alitoka akiguguna muwa. Kwa miaka ishirini na miwili mataya kama elfu sita yalipita mikononi mwake, na hakuna hata moja alilojua ni la nani. Msomaji alishike hilo vizuri, maana mwenyewe alilisahau.

Vidole vyake tisa viliumbwa kwa kazi ya heshima. Cha kumi, gumba la mkono wa kulia, ndicho kilichomwaga unga.

Katika nchi ile makabila yalikuwa mengi kwenye vitabu vya shule, lakini kila mwaka wa uchaguzi yalipungua yakabaki mawili: Sisi na Wale. Wale walikuwa wavivu, na papo hapo walikuwa wamejaza kazi zote. Walikuwa mafukara, na papo hapo wamenunua viwanja vyote. Walikuwa wajinga wasiojua lolote, na kila jambo baya lililotokea walikuwa wamelipanga miaka ishirini nyuma kwa akili nyingi. Wale nao walikuwa na kundi lao la simu, na humo ndimo walimoitwa Sisi, na Sisi wakaitwa Wale, kwa matusi yaleyale, mara nyingine kwa makosa yaleyale ya herufi, kwa sababu walikuwa wakiibiana.

Fundi alikuwa mwanachama wa kundi la Sisi, lililoitwa Sauti ya Wenyewe, watu mia nane na ushee. Humo alikuwa si lolote si chochote. Miaka miwili alituma kila asubuhi picha ya maua yenye maneno "Amka na baraka," na hakuna aliyewahi kumjibu ila shemeji yake, aliyeweka dole gumba, na huyo naye alimwekea kila mtu dole gumba, hata tangazo la msiba.

Siku moja watu walikuwa wakibishana kundini namna ya kumtambua mtu wa Wale anapojifanya si wa Wale. Mmoja akasema utamjua kwa mwendo. Mwingine akasema utamjua kwa kikohozi. Fundi alikuwa amekaa chooni nyumbani kwake, mahali ambapo tafiti zake zote zilifanyikia, akaona mlango umefunguka. Akaandika:

"Mimi nimeshika mataya ya watu miaka ishirini na miwili. Wale wana kaakaa lililozama katikati. Ndiyo maana uongo unawatoka kirahisi, hauna pa kushikia. Hiyo si siasa, hiyo ni sayansi."

Alipomaliza shughuli iliyompeleka chooni, alikuta watu mia mbili na kumi wamecheka.

"Mtaalamu kaongea!" aliandika mmoja.

"Profesa!" akaandika mwingine.

"Profesa Taya!" akamalizia wa tatu, na kilemba cha ukoka kikamkaa kichwani sawasawa, kana kwamba kilipimwa kwake.

Tangu hapo hakuna aliyemshika. Kesho yake akatoa utafiti wa pili: taya la chini la Wale ni pana kwa sababu ya kula vya wenzao. Wiki iliyofuata akatoa wa tatu, kuhusu magego na wizi wa ng'ombe. Wa nne ulihusu mate. Admini akaufuta kwa kuwa umevuka mpaka, halafu admini huyohuyo akausambaza kwenye makundi mengine sita. Mtu asiyejulikana akachora taya lenye mishale myekundu, na picha ile ikazunguka mji mzima ikarudi kwa fundi ikiwa na maneno "Utafiti wa chuo kikuu cha ng'ambo," naye akaipokea, akaisoma, akastaajabu jinsi ulimwengu unavyomuunga mkono.

Wale hawakukubali kulala njaa. Waliibua mtaalamu wao, fundi viatu mmoja, aliyetangaza kwamba Sisi wote huisha soli upande wa nje kwa sababu ya kunyata usiku. Basi ikawa uchaguzi wa nchi nzima, wenye barabara mbovu na hospitali zisizo na dawa, unajadiliwa kwa mataya upande huu na kwa visigino upande ule, na katikati ya mataya na visigino hapakuwa na mtu.

Nyumbani, mkewe aliisikia habari ile kwa jirani, kama mke anavyosikia habari zote muhimu za mumewe.

"Baba Mapacha," alimwambia mezani, "hii ya kaakaa umeitoa wapi?"

"Kazini."

"Kazini kwako si mataya huja na namba? Utajuaje hili la huyu, lile la yule?"

"Sayansi haihitaji majina, Mama Mapacha. Sayansi inaona."

"Haya, iniangalie na mimi." Akaachama mdomo mezani pale, akamsogezea simu yenye tochi. "Tazama. Limezama, halikuzama?"

Profesa akachungulia. Lilikuwa limezama katikati, kama kila kaakaa la kila binadamu tangu dunia iumbwe. Lisingezama, ulimi ungelala wapi?

"Limezama kidogo," alisema.

"Kwa hiyo mimi ni Wale."

"Aa, wewe lako limezama kwa heshima."

Mama Mapacha akafumba mdomo, akamtazama kama mtu anayetazama chungu kilichopasuka akijiuliza kama kitafaa kuoteshea maua. Akakusanya sahani. Kuna upumbavu ambao ukiubishia unaupa chakula.

Hapo ndipo Katibu alipokuja. Huyu alikuwa Katibu wa Uhamasishaji wa mgombea wa Sisi, mgombea ambaye tumwite Mheshimiwa kama alivyojiita mwenyewe. Katibu alikuwa na simu mbili na shati moja, na kwenye shati lile palikuwa na uso wa Mheshimiwa ukitabasamu. Kitambi cha Katibu kilikuwa kimeuvuta uso huo kiasi kwamba kila Katibu aliposhiba, Mheshimiwa alizidi kufurahi. Aliingia chumba cha plasta bila kubisha, akaketi juu ya gunia.

"Profesa! Mheshimiwa anakusoma."

"Mimi?"

"Asubuhi, hata mswaki hajapiga. Ananiambia, Katibu, huyu mtu tumemwachaje kwenye vumbi? Sasa sikia. Tukishinda, kuna ofisi. Mkurugenzi wa Utambuzi."

"Utambuzi wa nini?"

"Tutajua tukishaingia."

Profesa aliweka chini taya alilokuwa akilisugua. "Ina kiti?"

"Kinachozunguka."

"Na mlango?"

"Mlango una kibao, na kibao kina jina lako."

Hapo Katibu, bila kujua, alikuwa ameshika jino lililo bovu. Miaka ishirini na miwili mtu yule alikuwa amefanya kazi kwenye chumba ambacho jina haliingii. Watu walitembea mjini wakicheka kwa meno yake na hakuna aliyejua kwamba yupo. Walimshukuru Daktari, wakaondoka. Kibao chenye jina lake mlangoni! Alikuwa tayari kutoa figo kwa kibao kile. Heshima ya watu wa kabila zima la wenzake, ambayo haikuwa mali yake, ilikuwa bei ndogo tu.

"Ila kuna jambo dogo," alisema Katibu. "Wale wanatuchokoza. Wanaandika kila mahali: kama ni sayansi, apimwe laivu. Tukikataa, watasema tumefyata mkia. Kwa hiyo nimeshakubali kwa niaba yako."

"Umekubali nini?"

"Jumanne, saa tisa alasiri. Unaweka mataya kumi mezani, matano yetu, matano yao. Unataja moja moja. Mimi nashika daftari la Daktari, natazama namba, nalisoma jina kimoyomoyo, natangaza kama umepata au umekosa. Jina la mtu halidanganyi kabila lake. Ukiyapata yote, ofisi yako."

"Na nikikosa?"

Katibu akasimama, akajipangusa plasta makalioni. "Profesa hakosi," alisema, na haikuwa sifa.

Sasa, mtu mwenye sayansi ya kweli angelala usingizi. Profesa alifanya lile alilojua kwamba ndilo la lazima, yaani aliiba. Jumatatu mchana, Daktari alipotoka kwenda kula, alifungua droo, akatoa daftari, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akaona majina. Akachagua matano ya Wale. Akachagua manne ya Sisi. Alipokuwa akitafuta la tano, kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja.

Lilikuwa jina la Mheshimiwa. Meno yote, juu na chini.

Tabasamu lile lililobandikwa kwenye kila nguzo ya umeme, tabasamu ambalo wanawake walilisifu na wanaume waliliiga mbele ya kioo, lilikuwa limepangwa kwenye nta na mikono yake yeye, mwaka juzi, akidhani ni la mtu wa kawaida. Profesa alikaa chini. Akaona shani ya Jumanne yote imejipanga mbele yake: atataja tisa, kisha ataliinua la kumi, taratibu, kama mtu anayeinua kombe, aseme, "Na hili, ndugu zangu, ni taya la kiongozi!" Hata Katibu hakumwambia. Zawadi haitangazwi.

Ili asikosee, alichukua penseli. Nyuma ya kila taya la Wale akaweka nukta ndogo, isiyoonekana na mtu asiyeitafuta. Nyuma ya taya la Mheshimiwa akaweka nyota. Namba zilizochongwa chini hakuzikariri. Mwenye nukta ahangaike na namba kwa nini? Akarudisha daftari, akalala usingizi wa mtu mwema.

Jumanne ilikuwa siku ambayo Daktari huenda kukagua meno ya watoto wa shule, kwa hiyo kliniki ilifungwa tangu saa sita. Profesa akayapanga mataya kumi mezani, akarudi nyuma hatua moja kuyatazama jinsi yatakavyoonekana kwenye simu. Hayakumpendeza. Yalikuwa na vumbi, mengine yameanza umanjano. Na hapa ndipo fundi aliyekuwa ndani yake alipoamka akampiga teke profesa. Kazi ya fundi haionyeshwi kwa watu ikiwa imefubaa! Kila anayejua plasta anajua namna ya kuipa mng'aro: unaliloweka taya kwenye maji ya moto yenye sabuni nyingi, unaliacha linywe, unalitoa, unalisugua kwa kitambaa laini mpaka ling'ae kama yai.

Akachukua beseni. Akayatumbukiza yote kumi kwa pamoja. Akayasugua moja moja kwa upendo, mbele na nyuma, hasa nyuma, huku akipiga mluzi. Akayaanika dirishani kwa mpangilio wa ukubwa, kama alivyozoea. Yalipokauka yalikuwa yanameta kama vyombo vya arusi.

Kisha akageuza la kwanza kutafuta nukta.

Akageuza la pili. La tatu akaligeuza mara mbili. Alipofika la kumi, mluzi ulikuwa umemkaukia mdomoni. Akakimbilia chumba cha Daktari, akavuta droo. Tupu.

"Unatafuta hili?" Katibu alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na daftari kwapani. "Nimeona nilishike mapema. Uwazi, Profesa. Wale wasije wakasema umechungulia."

"Nilitaka tu kuhakiki kitu kidogo."

"Kitu gani? Si wewe mtaalamu?"

Basi Profesa akarudi mezani, akiwa amebakiwa na silaha moja tu, ile sayansi yenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu aizae, alijaribu kuitumia. Akainua taya moja, akatazama kaakaa. Limezama. Akainua jingine. Limezama. Akayatazama yote kumi, macho yamemtoka pima, na yote kumi yalikuwa yamezama, ya Sisi na ya Wale, yakimtazama kwa makaakaa yao mashimo kama mashua zilizopinduliwa. Alijua jambo moja tu: Mheshimiwa hakuwa na jino hata moja, na pale mezani mataya yasiyo na meno yalikuwa matatu.

"Tuko hewani!" alisema Katibu, na simu ikawaka taa.

Walianza watazamaji mia tisa. Profesa akakohoa, akainua taya la kwanza, akajitupa majini. "Hili," alisema, "ni la Wale. Tazameni kaakaa."

Katibu akaligeuza, akasoma namba, akafungua daftari. Lilikuwa la Sisi, tena la mtu anayekaa mtaa mmoja naye. Katibu alikuwa kwenye siasa tangu ana nywele; hakupepesa jicho.

"Sahihi!" alitangaza.

Profesa alishtuka kuliko mtu yeyote. Akachukua la pili. "Hili ni letu. Lina utulivu."

"Sahihi!"

La tatu. La nne. "Sahihi! Sahihi kabisa!" Watazamaji wakafika elfu mbili, mioyo myekundu ikapanda kwenye kioo cha simu kama povu. Na hapo likatokea jambo ambalo hata mganga angelistaajabia: Profesa akaamini. Alifahamu vizuri kwamba anabahatisha, lakini alikuwa amepata manne kwa manne, kisha matano kwa matano! Huenda kipaji kilikuwepo siku zote, kimejificha chini ya penseli. Akanyoosha mgongo. Sauti ikamjaa. Alipofika la saba, taya lisilo na jino, alikuwa anahutubia mataifa.

"Sasa hili, ndugu zangu, mlitazame vizuri, mwite na watoto walitazame. Hili ni taya la mwizi! La mtu aliyezaliwa kula cha wenzake. Tazameni ufizi ulivyopanuka, huyu hashibi huyu! Akikucheka, shika mfuko. Hili ni la Wale, na katika Wale, ni la baba yao!"

Katibu akaligeuza. Akasoma namba. Akafungua daftari, akasoma jina, akalifunga, akalifungua tena kuona kama limebadilika. Jasho likamtoka likalowesha uso wa Mheshimiwa kifuani pake.

"Sa," alisema. "Sahihi."

La nane likapita. La tisa likapita. Watazamaji elfu nne na mia mbili. Profesa akaliinua la kumi, lisilo na jino nalo, taratibu, kama alivyopanga Jumatatu. Akalibusu.

"Na hili la mwisho sihitaji kuambiwa. Ufizi wa hekima. Kaakaa la mtu wa neno moja. Hili, ndugu zangu, kwa mara ya kwanza duniani, ni taya la kiongozi wetu, Mheshimiwa mwenyewe!"

Katibu hakuwa ameonywa. Alikuwa ameisoma namba taya lilipoinuliwa, ameshafungua daftari, ameshaona lile la kumi ni la nani, na akaruka kama mtu aonaye gari linarudi nyuma kwa mtoto.

"Si hilo!" alipiga kelele. "Hilo ni la bibi mmoja wa Wale! La Mheshimiwa ni lile ulilosema la mwi..."

Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Daftari likaanguka. Simu iliendelea kuwatazama, haina haya, na watu elfu nne na mia mbili pamoja nayo.

Kisha wakaandika. Wa kwanza alikuwa wa upande wa pili: "Taya la mwizi, la mtu aliyezaliwa kula cha wenzake. Sisi tumelisema hilo miaka mitano. Leo tumekubaliana na Profesa."

Kabla ya magharibi, ofisi ya mgombea ilitoa taarifa kwamba meno ya Mheshimiwa ni mali yake halali na kwamba hujuma hii inajulikana ilikotoka. Katibu alizima simu zote mbili. Ofisi ya Utambuzi, kiti chake kinachozunguka na kibao chake vilirudi vilikotoka, yaani mdomoni mwa Katibu.

Sayansi ilikuwa imekufa, lakini kundini waliona maiti yake bado inafaa kupigia mtu. Mmoja aliuliza tu, kwa upole: "Jamani, hivi huyu fundi ni wetu kweli?" Mwingine akatafuta picha ya Profesa akicheka arusini, akaikuza, akaiwekea mishale myekundu.

"Oneni kaakaa. Limezama!"

"Na taya la chini, pana kama trei."

"Mimi nilishangaa tangu zamani. Mtu wa kwetu anatumaje maua kila siku?"

Shemeji yake, yule wa dole gumba, aliandika kwamba hakutaka kusema, lakini mama mkubwa wa mtu huyo alitoka upande wa Wale. Halafu akajiwekea dole gumba.

Profesa alisoma yote akiwa chooni. Akaandika upesi kwa gumba lilelile: "Ndugu zangu, kila kaakaa duniani limezama! Lisingezama ulimi ungekaa wapi?" Ilikuwa sentensi ya kwanza ya kweli kuiandika kwa miezi mitatu. Haikwenda, walikuwa wameshamwondoa.

"Umekaa sana humo," Mama Mapacha alisema nje ya mlango. "Wanakusema?"

"Wananisema taya."

"Ehe. Mkuki kwa nguruwe. Toka, watoto wanataka kuoga."

Jumatano asubuhi kidirisha kilifunguka, lakini haukupita ute wala kikaratasi. Ulipita uso wa Daktari.

"Umeanika wagonjwa wangu kumi," alisema. "Watu wamekuja hapa kwa siri ya midomo yao, wewe umewauza sokoni."

"Daktari, naomba..."

"Sijamaliza. Kama mji huu ungekuwa na mtu mwingine anayejua kazi hii, ungekuwa barabarani tangu jana. Hayupo. Kwa hiyo utabaki, na kila mmoja wa hao kumi akija, utatoka humo ndani, utamwomba radhi mbele ya watu, na meno yake utamvalisha wewe mwenyewe. Utaona uso, si namba."

Katika hao kumi, waliomtukana walikuwa wawili, mmoja alimpiga mwavuli, Mheshimiwa hakuja. Aliyechelewa kuliko wote alikuwa yule bibi wa taya la kumi, aliyefika Ijumaa ya wiki iliyofuata, siku moja kabla ya kura. Alikuwa mpishi mstaafu wa shule, mwili mkubwa, kicheko kikubwa, kinywa kitupu. Benchi la wagonjwa lilijaa, na wote walijua wanasubiri nini.

"Shikamoo, mama," alisema Profesa, ametoka na meno kwenye kisahani, plasta mpaka kwenye nyusi.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe uliyesema nina ufizi wa hekima?"

"Ni mimi. Naomba unisamehe."

"Nikusamehe nini? Huko mtaani kwetu sasa naitwa Mheshimiwa. Jana nimepishwa bombani, nikachota wa kwanza." Benchi zima likacheka. "Haya, nivalishe."

Alimvalisha. Akamwambia aume, asage, aseme moja mpaka kumi. Akapunguza jino moja lililozidi jingine kwa msasa mdogo, akapuliza vumbi, akarudisha. Yalikaa kama yaliyoota. Bibi akajitazama kwenye kioo cha mkono, akacheka kwanza kidogo, halafu akacheka yote, na hata Daktari aliacha alichokuwa akifanya akamtazama.

"Mikono unayo," alisema bibi. "Sasa niambie jambo moja, na usinidanganye, maana nimesikia kaakaa langu halishiki uongo. Miezi mitatu umetutukana sisi, asubuhi, mchana, jioni. Umetutukania wazazi, umetutukania magego. Yote hayo ili mtu wenu ashinde. Naye ameshakutupa. Kesho ndiyo siku yenyewe. Utampigia nani kura?"

Profesa akapangusa msasa kwenye aproni yake, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Sikujiandikisha, mama," alisema. "Foleni ilikuwa ndefu."